Diski Inapokufa: Namna ya Kunusuru Kumbukumbu za Parokia



Zamani kumbukumbu zote za parokia zilikaa katika kabati moja: vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, daftari la zaka, mihtasari ya vikao. Siku hizi, kando ya kabati hilo, ofisi nyingi zina kisanduku kidogo chenye taa za kijani kinachohifadhi mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: hesabu za visima, orodha za vikundi vya kuweka na kukopa, majina ya watoto wanaolipiwa ada, na picha za ujenzi zinazoambatanishwa na taarifa kwa wafadhili. Kisanduku hicho ni seva ndogo ya kuhifadhia mafaili, ya aina inayotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani. Bei yake ni nafuu, haili umeme mwingi, na kila mwenye ruhusa ofisini anaweza kufungua faili akiwa kwenye kompyuta yake.

Ndani ya seva mna diski mbili, tatu au nne. Diski za kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, usiku na mchana. Kama ilivyo kwa pampu ya kisima, siku moja kila diski itachoka. Makala hii inaeleza nini kifanyike siku hiyo. Jambo kuu tunaloomba likumbukwe ni hili: diski moja ikifa, aghalabu kumbukumbu zenu bado zipo. Hupotea baadaye, kwa mkono wenye haraka, au kwa sababu hapakuwa na nakala nyingine nje ya jengo.

Kwa nini seva huendelea kufanya kazi

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kushirikiana ili moja ikifa nyingine zishike kazi yake. Mpango huo huitwa RAID, na ndio unaotumika katika seva zetu ndogo.

Katika seva yenye diski mbili, kila kinachoandikwa huandikwa kwenye zote mbili. Moja ikifa, pacha wake anabaki na kila kitu.

Katika seva yenye diski tatu au zaidi hutumika hesabu. Chukulia sadaka ya Jumapili. Karatasi ya kwanza ina sadaka ya ibada ya asubuhi, ya pili ina sadaka ya ibada ya mchana, na ya tatu ina jumla. Karatasi ya asubuhi ikipotea, mhasibu huchukua jumla, akatoa sadaka ya mchana, na kiasi kilichopotea kinapatikana. Lakini zikipotea karatasi mbili, hakuna hesabu itakayozirudisha. Hivyo ndivyo ilivyo kwa diski. Mpango wa kawaida wa diski tatu huvumilia kifo cha diski moja tu, na tangu diski hiyo ife hadi ile mpya ikamilishe kazi, seva inatembea kwa mguu mmoja.

Kipindi hicho ndicho cha hatari. Kwa bahati mbaya, ndicho pia kipindi ambacho watu huendelea na kazi kama kawaida kwa kuwa mafaili bado yanafunguka, taa ya onyo ikiwaka kwa wiki kadhaa bila mtu kuuliza.

Kabla ya kugusa chochote

Taa ikigeuka nyekundu au ya njano, au seva ikitoa ujumbe wa onyo, msizime na kuwasha ovyo. Diski iliyochoka inaweza kuzunguka kwa miezi, lakini ikizimwa isiamke tena.

Kwanza, andikeni. Pigeni picha ya ujumbe kwenye kioo. Andikeni tarehe, saa, na yaliyotokea kabla: umeme ulikatika? Kulikuwa na radi? Kuna aliyehamisha mashine ili afagie? Fundi akija siku tatu baadaye, karatasi hiyo itamsaidia kuliko maelezo ya kukumbuka.

Pili, kabla ya kuwaza kutengeneza, ulizeni: je, nakala yetu ya mwisho iliyo nje ya seva ni ya lini? Kama ni ya jana, tulieni. Kama ni ya mwaka jana, kazi ya kwanza ni kunakili mafaili kwenda kwenye diski ya nje wakati seva bado inasoma. Anzeni na yale yasiyoweza kupatikana tena, yaani hesabu, orodha za watu na mikataba. Picha za sherehe zifuate mwisho. Msianze kujenga upya diski kabla ya kumaliza kazi hii, kwa sababu ujenzi huzilazimisha diski zilizobaki kusomwa tangu mwanzo hadi mwisho, na diski zilizonunuliwa siku moja huzeeka pamoja.

Kutambua kinachoumwa

Seva ikisema diski imekufa, mara nyingine diski ni nzima na kinachoumwa ni kitu kingine. Kuna washukiwa watatu: diski yenyewe, waya au tundu lake, na umeme.

Kila diski hujipima na kuweka daftari lake la afya, liitwalo SMART. Daftari hilo husomwa katika ukurasa wa usimamizi wa seva. Namba nne zatosha kwa kuanzia.

Namba 5 ni idadi ya sehemu mbovu ambazo diski imeziacha na kutumia akiba mahali pake. Ikiwa ndogo na haiongezeki, diski yaweza kuendelea chini ya uangalizi. Ikipanda wiki hadi wiki, agizeni nyingine.

Namba 197 ni sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuona kama zitasomeka. Namba 198 ni sehemu zilizoshindikana kusomwa diski ilipojikagua yenyewe. Hizi mbili zikitoka kwenye sifuri, msisubiri.

Namba 199 ni tofauti. Inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine. Ikiongezeka huku nyingine tatu zikibaki sifuri, mshukiwa wa kwanza ni waya uliolegea au tundu lenye vumbi. Zimeni seva kwa utaratibu wake, safisheni, badilisheni waya, kisha washeni. Namba hiyo hairudi sifuri. Tazameni tu kama imeacha kupanda. Kwa njia hii ofisi inaweza kuepuka kutupa diski nzima kwa kosa la waya wa bei ndogo.

Umeme nao una dalili zake. Diski mbili zikipotea kwa dakika ileile, ni vigumu kuamini kwamba zimekubaliana kufa pamoja. Shukuni kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, au adapta iliyo ukutani. Kifaa hiki kikidhoofika, diski hukosa nguvu hasa zinapoanza kuzunguka. Kwetu Tabora, ambako mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi, na umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kuja kwa kishindo, mshukiwa huyu asisahauliwe.

Hata hivyo, daftari la SMART lisifanywe nabii. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la kusomeka wakati wa ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Kwa hiyo onyo likija lichukuliwe kwa uzito. Lakini zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote katika daftari, ukiacha joto. Kukosa onyo, basi, si cheti cha uzima.

Kubadilisha diski

Ikithibitika kwamba diski imekufa, hatua inayoogopesha mafundi wazoefu ni ya kuichomoa. Fundi akichomoa ile nzima badala ya mbovu, seva iliyokuwa inatembea kwa mguu mmoja inaanguka. Kila diski ina namba yake ya utambulisho, iliyochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, na namba hiyohiyo huonekana katika ukurasa wa usimamizi. Linganisheni namba hizo mbili, mtu mmoja akisoma na mwingine akitazama. Msiamini maneno kama "ya pili kutoka kushoto", maana baadhi ya mashine huanza kuhesabu kwenye sifuri. Ni vema siku seva inaponunuliwa kila tundu libandikwe kikaratasi chenye namba ya diski iliyomo.

Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ile ya zamani au zaidi. Ikipungua hata kidogo, seva itaikataa. Ulizeni pia aina ya uandishi wake. Zipo diski ambazo mistari ya maandishi imepangwa ikilaliana kama mabati ya paa, aina iitwayo SMR. Zinafaa kutunza nakala, lakini katika ujenzi wa RAID huweza kuwa nzito mno, hata seva ikadhani nazo zimekufa. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo, zilikuwa za aina hiyo. Kwa seva, ombeni aina ya CMR, na muuzaji aonyeshe maandishi ya mtengenezaji.

Diski mpya ikiingia, ujenzi upya huanza. Diski ya terabaiti 4 inayoandikwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji zaidi ya saa 7, hata kama hakuna anayeitumia. Kukiwa na watu kazini, inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Hivyo anzeni jioni, au siku ofisi imefungwa, seva ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima. Mwambieni mlinzi asizime swichi.

Mashine au kompyuta ikiuliza kama ifomati diski, msikubali mpaka fundi ahakikishe kwamba ni ile mpya. Kubonyeza "ndiyo" kwenye diski ya zamani kwaweza kufuta njia ya mwisho ya kuokoa.

Na ikiwa diski zimekufa zaidi ya kiwango kinachovumilika, au diski inagonga tik-tik-tik, zimeni mashine na mwache hapo. Msiifungue diski, chembe ya vumbi ndani yake ni kama jiwe kwenye njia ya kisomeo. Msiigandishe kwenye friji wala kuigonga, hata kama kuna anayesema aliwahi kufaulu. Wapo wataalamu wanaookoa kumbukumbu katika vyumba visivyo na vumbi, lakini gharama yao huzidi bei ya seva mara nyingi. Kamati itaamua kama kilichomo kinastahili gharama hiyo.

Somo kutoka Kwihara

Hadi hapa tumezungumzia diski moja. Mwizi, moto, radi, au mtu aliyefuta folda kwa bahati mbaya, haviondoi diski moja tu. Faili likifutwa kwenye seva hufutwa kwenye diski zote kwa mara moja, kwa sababu diski pacha hutii bila kuuliza. Kwa hiyo RAID haichukui nafasi ya nakala iliyowekwa mahali pengine. Kwa jambo hili sisi wa Tabora tuna mfano wa karibu sana.

Kilomita chache kutoka mjini, Kwihara, ipo nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho. Katika eneo hili la Unyanyembe, ambako njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika kuelekea Ujiji na kaskazini ya ziwa, David Livingstone alikaa kwa miezi kadhaa mwaka 1872. Tangu mwaka 1866 alikuwa akiandika habari za safari zake katika vitabu vidogo vya mfukoni. Karatasi zilipomwishia huko Manyema, Kongo ya leo, mwaka 1871, aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani kwa wino wa mimea. Aliyoyaandika aliyanakili upya katika daftari moja kubwa, ambalo watafiti huliita Jarida la Unyanyembe. Tarehe 14 Machi 1872 Henry Stanley alipoondoka kwenda pwani, alilibeba daftari hilo likiwa limefungwa kwa lakiri.

Livingstone alielekea kusini mwezi Agosti mwaka huo, akafariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, hawakukurupuka. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya wenzao, na Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma shule, akaorodhesha vilivyomo. Kisha waliubeba mwili pamoja na maandishi hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, alichokihariri Horace Waller na kutolewa mwaka huohuo, kilitokana na maandishi yaliyofika kwa njia hizo mbili, ya Stanley na ya wapagazi hawa. Kama wa pili wangepotelea njiani, miaka ile iliyonakiliwa katika daftari lile ingekuwa imekwisha kufika salama.

Lipo na somo la pili. Zile kurasa za gazeti za mwaka 1871 zilififia hata zisisomeke, na kwa muda mrefu watu walitegemea nakala. Mwaka 2011 timu ya watafiti iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilitangaza kwamba imezisoma tena kwa kuzipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Ikaonekana kwamba mahali pengine nakala hailingani na maandishi ya awali. Nakala isiyolinganishwa na asili yake, basi, ni ahadi tu.

Kanuni ya nakala tatu

Mafundi hufuata kanuni rahisi: nakala tatu za kila jambo muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya jengo. Kwa parokia ya kawaida kanuni hiyo yaweza kutekelezwa hivi. Nakala ya kwanza ni ile iliyo kwenye seva. Ya pili ni diski ya nje inayounganishwa kila Ijumaa, ikanakiliwa, kisha ikachomolewa na kufungiwa kabatini. Ya tatu ni diski nyingine ya nje inayokaa mbali, kwa mfano katika ofisi ya jimbo au parokia jirani, na kubadilishwa kila mwezi mtu anaposafiri kwa shughuli nyingine. Penye intaneti ya kutosha, nakala ya tatu yaweza kupelekwa kwa njia hiyo.

Diski inayosafiri ifungwe kwa neno la siri, na neno hilo lijulikane na watu wawili. Likijulikana na mmoja tu, akihamishwa au akifariki, nakala hufariki naye. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Diski mbovu yenye majina ya watoto na madeni ya wanakikundi isiuzwe wala kutupwa jalalani. Itobolewe kwa drili au ipondwe mbele ya mashahidi wawili, na iandikwe katika daftari la mali.

Kila robo mwaka, mtu afungue mafaili matatu kutoka kwenye nakala ya nje, kwa kompyuta nyingine, na kuyalinganisha na yale ya seva. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Na vitabu vya karatasi vya ubatizo, ndoa na vifo viendelee kuandikwa kwa wino.

Ombi kwa wafadhili na maswali kwa kamati

Kwa wafadhili wetu, tunaomba jambo moja lieleweke. Seva hutolewa mara moja na kupigwa picha siku ya makabidhiano, lakini diski ni kama tairi za gari: ni kitu cha kuisha. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo hutangaza hesabu za diski zake, imeonyesha katika miaka ya karibuni kwamba kati ya asilimia 1 na 2 hufa kila mwaka, na hizo zinaishi katika vyumba vyenye ubaridi na umeme wa uhakika. Zetu zinaishi katika joto na vumbi. Bajeti ya seva isiyo na diski moja ya akiba, diski mbili za nje na UPS, haijakamilika.

Kwa kamati, tunapendekeza maswali haya matano yaingizwe katika ajenda ya kikao kijacho:

1. Nani anatazama taa na ujumbe wa seva kila wiki, na nani anamsaidia asipokuwepo?
2. Nakala yetu iliyo nje ya jengo ni ya tarehe gani, na iko kwa nani?
3. Lini mara ya mwisho tulifungua faili kutoka kwenye nakala hiyo?
4. Je, tuna diski ya akiba iliyo tayari, au itabidi tuisubiri kutoka Mwanza au Dar es Salaam seva ikitembea kwa mguu mmoja?
5. Ni watu gani wawili wanaojua neno la siri?

Kamati inayoweza kujibu yote matano itaipokea taa nyekundu kama inavyopokea habari ya pampu iliyoharibika: kazi ya kufanywa, kwa utaratibu, bila hofu. Isiyoweza kujibu ianze na swali la pili, wiki hii hii, wakati taa bado ni za kijani.